Nani Amchunguze Mheshimiwa?

Kila inapotangazwa kwamba mbunge au waziri fulani anachunguzwa kwa tuhuma za kimaadili, jibu la mtaani huwa tayari: kesi ya nyani huwezi kumpelekea ngedere. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila haimsaidii mwananchi anayetaka kujua kama uchunguzi ulio mbele yake ni wa haki au ni maigizo. Mchunguzi asiye na mtazamo wowote hapatikani. Anapiga kura, ana ndugu na marafiki, na ipo mamlaka iliyompa kazi. Sheria inalijua hilo, ndiyo maana haihangaiki kumpekua moyo.

Kipimo kinachotumika kilipata maneno yake katika kesi ya Porter dhidi ya Magill, iliyoamuliwa Desemba 2001 na Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Shirley Porter alikuwa kiongozi wa halmashauri ya Westminster, London. Halmashauri hiyo iliuza nyumba zake kwa kulenga kata zenye ushindani mkali, ili zihamie kaya zinazoelekea kukipigia kura chama chake. Mkaguzi wa hesabu John Magill ndiye aliyechunguza, ndiye aliyesikiliza utetezi, na ndiye aliyeamua nani alipe hasara. Tena Januari 1994, kabla hajamaliza, aliita waandishi wa habari akatangaza matokeo ya awali mbele ya kamera. Upande wa Porter ulihoji: mtu aliyejitangaza hivyo atabadilije msimamo?

Malodi walijibu kwamba swali ni hili: je, mtu mwadilifu, asiye na upande na mwenye taarifa kamili, angeona upo uwezekano wa kweli wa upendeleo? Waliuona mkutano ule na waandishi kuwa si wa busara, lakini haukufikia kipimo hicho. Porter akatakiwa kulipa takribani pauni milioni 26.5. Tangu hapo kipimo hicho kimefuatwa na mahakama nyingi za Jumuiya ya Madola, za Kenya zikiwemo.

Kuna mambo mawili ndani yake ambayo watu huyapita haraka. Kwanza, anayelalamikia mchunguzi halazimiki kuthibitisha kwamba alipendelea kweli. Uwezekano wa kweli unatosha. Pili, anayetazama lazima awe na taarifa. Shabiki wa chama aliyekasirika si mtu huyo, na mtuhumiwa anayetafuta pa kutokea naye si mtu huyo.

Watu wengi huutafuta upendeleo kwenye hukumu. Mara nyingi umeshaingia mapema, mlangoni. Malalamiko yakifika, kuna mtu anaamua kama yafunguliwe jalada au yalale kabatini, na uamuzi huo kwa kawaida hauna kikao wala maelezo. Uingereza ina mshauri wa maadili ya mawaziri, na hadi Novemba 2024 hakuwa na mamlaka ya kuanzisha uchunguzi bila ridhaa ya Waziri Mkuu. Hata akimaliza, Waziri Mkuu aliweza kuyakataa matokeo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, mshauri Alex Allan alipoona kwamba waziri Priti Patel amekiuka kanuni kwa namna alivyowatendea watumishi. Waziri Mkuu Boris Johnson hakukubaliana naye, waziri akabaki, aliyeondoka ni mshauri. Aliyemrithi, Lord Geidt, naye alijiuzulu Juni 2022.

Baraza la Wawakilishi la Marekani lilijaribu njia nyingine mwaka 2008, lilipounda ofisi ya maadili yenye bodi ya watu wasio wabunge, walioteuliwa na pande zote mbili. Uchunguzi wa awali huanza kwa ombi la maandishi la wajumbe wawili wa bodi, mmoja wa kila upande, nao una siku 30. Kuendelea hatua ya pili, yenye siku 45, kunahitaji kura tatu. Hapo chama kimoja peke yake hakiwezi kumwinda mtu, ila upendeleo hupata mwanya mwingine: ofisi hiyo haina uwezo wa kumlazimisha mtu kutoa nyaraka au kufika. Anayeshirikiana huanikwa yote, anayenyamaza husalimika nusu. Huo nao ni upendeleo, ingawa hakuna aliyeukusudia.

Kuhusu undugu, jibu ni rahisi, na bado serikali hujikwaa. Machi 2023 Kanada ilimpa Martine Richard ukamishna wa muda wa maadili. Alikuwa mwanasheria wa muda mrefu wa ofisi hiyohiyo, uwezo hakukosa. Lakini alikuwa shemeji wa waziri Dominic LeBlanc, ambaye ofisi hiyo ilishamwona na hatia ya mgongano wa maslahi mwaka 2018. Aprili akajiuzulu. Kumwambia “atajitoa faili la shemeji likija” hakukutosha, kwa sababu mkuu wa ofisi hujua majalada yote na watumishi wote wako chini yake.

Kwa mchunguzi wa kawaida, kujitoa hufanya kazi vizuri, na hakumaanishi kukiri kosa. Tuhuma za sherehe za Downing Street, ofisi ya Waziri Mkuu, wakati wa UVIKO zilipoibuka Desemba 2021, Simon Case, mkuu wa utumishi wa umma, aliachia uchunguzi baada ya kudaiwa kwamba mkusanyiko mmoja ulifanyika kwenye ofisi yake mwenyewe. Bunge nalo lilipoanza kuchunguza kama Johnson alilipotosha, mwenyekiti wa kamati, Chris Bryant, alikaa pembeni kwa kuwa alishamsema Johnson hadharani. Kiti kikaenda kwa Harriet Harman wa Labour, chama cha upinzani wakati huo. Wajumbe walikuwa saba, na wanne walitoka chama cha Johnson. Juni 2023 walimwona na hatia, na Bunge likaipitisha ripoti kwa kura 354 dhidi ya 7. Wanasiasa walimchunguza mwanasiasa mwenzao na kazi ikafanyika, kwa sababu alihojiwa kwa kiapo, akaoneshwa rasimu ya matokeo kabla hayajatoka, na ushahidi ukachapishwa ili kila mtu aupime.

Mwaka 2021 Bunge hilohilo lilionesha sura yake nyingine. Kamishna wake wa viwango vya maadili alibaini kwamba mbunge Owen Paterson alizipigia debe kampuni mbili zilizokuwa zikimlipa zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka. Kamati ikapendekeza asimamishwe siku 30. Tarehe 3 Novemba serikali iliwaagiza wabunge wake kuubadili mfumo kesi ikiwa mezani, na ikashinda kwa kura 250 dhidi ya 232. Kelele za umma zikaifanya irudi nyuma siku iliyofuata, na Paterson akajiuzulu. Mchunguzi hakuwa na doa. Tatizo lilikuwa kwamba neno la mwisho walikuwa nalo wenzake wa mtuhumiwa.

Muda wa kazi nao una uzito kuliko kiapo. Elizabeth Filkin, kamishna wa viwango wa bunge hilo tangu 1999, aliwachunguza vigogo. Mkataba wake ulipokaribia kwisha akaambiwa aombe upya kama wengine. Hakuomba, akaondoka 2002. Baadaye kipindi kikafanywa kimoja cha miaka mitano, bila kurudiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 250, inafuata mantiki hiyo: kamishna wa tume hutumikia miaka sita, mara moja tu. Asiyesubiri kuteuliwa tena hana wa kumfurahisha.

Tanzania ina Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma chini ya ibara ya 132 ya Katiba na Sheria Na. 13 ya 1995. Kuna jambo zuri hapa: Sekretarieti huchunguza, na Baraza la Maadili linaloongozwa na jaji, aliyepo kazini au mstaafu, husikiliza. Mkaguzi wa Westminster hakuwa na utengano huo. Vikao vya Baraza vya 2015 kuhusu kashfa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow vilifanyika hadharani, waandishi wakiwepo, na uwazi wa namna hiyo hupunguza nafasi ya kupendelea. Udhaifu uko juu: Kamishna huteuliwa na Rais, ambaye ndiye pia huteua mawaziri. Kwa upande wa Bunge, Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ni ya wabunge walioteuliwa na Spika. Chama kimoja kikiwa na takribani viti vyote, usawa wa idadi hauwezekani, hivyo kinachobaki ni kudai uwazi wa ushahidi na sababu za uamuzi.

Mlalamikaji pia anaweza kuubana upendeleo kwa namna anavyoandika. “Mheshimiwa ni mla rushwa” humwachia mchunguzi uhuru wote wa kuamua afanye nini nayo. Andika tendo moja moja, tarehe, mahali, kiasi cha fedha, aliyekuwepo, na kanuni unayodhani imevunjwa. Ambatisha nakala, baki na nakala halisi. Peleka kwa Kamishna wa Maadili au ofisi ya kanda ya Sekretarieti, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya hapo omba kwa barua uelezwe kama jalada limefunguliwa, na kama halikufunguliwa, kwa nini.

Na mwenye shaka na mchunguzi, awe mlalamikaji au mlalamikiwa, aiseme mapema. Pingamizi linaloletwa baada ya matokeo kutoka, wakati sababu ilijulikana tangu mwanzo, huchukuliwa kuwa umekubali na sasa unajuta. Liwe la maandishi, litaje uhusiano wenyewe: udugu, biashara ya pamoja, deni, kauli aliyoitoa hadharani na tarehe yake. Kusema tu kwamba “ni mtu wao” hakuhesabiki. Kumpinga mtu kwa sababu ya kabila, dini au mkoa aliotoka nako hukataliwa, tena hukuharibia hoja nyingine zenye mashiko.