Kufukia nyaya za umeme: maana yake, na kwa nini watu hugombana

Umeme mkubwa kutoka kwenye mabwawa kwenda mijini kwa kawaida hupita juu, kwenye minara ya chuma. Kuufukia ni kuchimba mtaro, kulaza kebo nene zenye ganda la plastiki maalumu, kisha kurudishia udongo. Minara haipo tena, mlima unaonekana kama zamani.

Kinachofanya jambo hili liwe ghali ni hewa. Waya wa juu hauna ganda; hewa ndiyo inayoutenga na vitu vingine, na hewa hiyohiyo inaupoza, bure. Chini ya ardhi kazi zote mbili zinalipiwa, ndiyo maana kilomita moja ya kebo ya msongo mkubwa hugharimu mara kadhaa ya ile ya minara. Tena kebo ndefu ya umeme wa AC (ule unaobadili mwelekeo mara kwa mara) hula sehemu ya uwezo wake kwa kujichaji yenyewe muda wote, hivyo masafa yakiwa marefu huwekwa mitambo ya kufidia sehemu hiyo au umeme unageuzwa kuwa DC (unaokwenda mwelekeo mmoja). Upepo na matawi hayaigusi kebo, lakini ikiharibika, kuchimba na kuunga huweza kuchukua wiki kadhaa. Na wapenda misitu wasidanganywe: juu ya mtaro miti mikubwa hairuhusiwi kuota.

Ujerumani ilishakata shauri: mwaka 2015 sheria yake ilizipa kebo za ardhini kipaumbele kwenye njia kuu mpya za DC. Kwingine ni mvutano, na mfano mzuri ni New Hampshire, Marekani. Mradi wa Northern Pass ulitaka kuleta megawati 1,090 za umeme wa maji kutoka Québec, Kanada, kwa njia ya takriban kilomita 309. Wakazi, wakiwemo wanaoishi kwa utalii wa milimani, waliupinga kwa miaka, wakihudhuria vikao wakiwa wamevaa rangi ya machungwa. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kufukia jumla ya kilomita 97 hivi, hasa kwenye eneo la msitu wa taifa wa White Mountain.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipojikaanga kwa mafuta yake. Hadi hapo ilikuwa ikisema gharama haibebeki. Sasa kila mji uliobakiziwa minara ukauliza kwa nini wenzao wafukiwe nyaya, wao waachwe. Tena jirani, Vermont, mradi mwingine wa megawati 1,000 ulikuwa umechorwa wote chini ya ziwa na ardhi.

Februari 2018 kamati ya jimbo la New Hampshire iliukataa Northern Pass kwa kura zote 7, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikauunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Hoja iliyouangusha rasmi haikuwa uzuri wa milima: kampuni ilishindwa kuthibitisha kuwa njia hiyo haitavuruga mpangilio wa maendeleo ya eneo, yaani biashara, utalii na matumizi ya ardhi.