"Inajifunza Yenyewe": Kontrola ya Injeksheni Hujifunza Nini Hasa?

Siku hizi kila anayetaka kung'oa kabureta kwenye gari la zamani hupewa ushauri uleule: funga injeksheni (mfumo wa kunyunyizia petroli kwa nozeli) yenye kontrola "inayojifunza yenyewe", endesha siku mbili tatu, kazi imekwisha. Kontrola ni kisanduku cha kompyuta. Hupokea taarifa za sensa (kasi ya injini, mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa, joto la hewa na la maji), kisha huamua nozeli zifunguke kwa milisekunde ngapi. Basi, maana yake ni hiyo. Kinachopotosha watu ni hilo "kujifunza".

Injini haihitaji kontrola iliyojifunza ili ipate mafuta. D-Jetronic ya Bosch, iliyofungwa kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1967, ilipima mgandamizo wa manifoldi na kunyunyiza petroli bila kujua chochote kuhusu moshi unaotoka. Sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye ekzosi, ilikuja baadaye, kwenye Volvo, mwaka 1976. Hata MegaSquirt, kontrola ya kujiundia waliyoibuni Bruce Bowling na Al Grippo mwaka 2001, kazi yake kubwa ni kusoma jedwali ulilolijaza wewe: kwa kasi fulani na mgandamizo fulani, silinda hujaa hewa kwa asilimia ngapi. Sensa ya kwenye ekzosi huja mwishoni kusahihisha: punguza kidogo hapa, ongeza kidogo pale.

Na sensa hiyo haipimi petroli. Inapima oksijeni. Plagi moja ikimisi, yaani ikikosa kuwasha, hewa na petroli ya silinda ile hutoka bila kuungua, oksijeni ikajaa kwenye ekzosi, na kontrola ikadhani mafuta ni machache. Inaongeza. Plagi zinalowa, injini inazidi kumisi, kontrola inaongeza tena. Gasketi ya ekzosi inayovuja kabla ya sensa huleta uongo huohuo, maana kati ya mapigo ya moshi hewa ya nje hufyonzwa ndani. Kontrola ikiachwa "ijifunze" katika hali hiyo, inauhifadhi ugonjwa kwenye jedwali. Kwa hiyo waya za plagi, valvu na gasketi hutengenezwa kwanza, sensa hufuata.

Kuna mambo ambayo kontrola haitayajua kamwe usipoiambia. La kwanza ni ukubwa wa nozeli. Chukua injini ya Peugeot 504 ya sentimita za ujazo 1971, ukilenga nguvu farasi 100. Kwa ratili nusu ya petroli kwa kila nguvu farasi kwa saa, ni ratili 50. Gawa kwa silinda nne, kisha kwa 0.8 ili nozeli zisishinde wazi muda wote: unapata ratili 15.6 kwa saa, yaani takriban sentimita za ujazo 165 kwa dakika kwa kila nozeli. Ukifunga za 440 kwa sababu zilikuwa bei poa, injini isipokanyagwa mafuta, nozeli zitafunguka kwa muda mfupi mno, nayo itatetemeka hata jedwali liwe zuri namna gani. Pampu ya zamani ya kabureta nayo haifai. Nozeli nyingi zinataka baa 3, na mipira ya kupitishia petroli iwe ya kuhimili mgandamizo huo.

La pili, ndilo lenye hatari zaidi, ni taiming, yaani cheche iwake wakati gani, kwa digrii za mzunguko wa kranki. Sensa ya oksijeni haisikii injini ikigonga. Mchanganyiko waweza kuwa sawasawa kabisa, hewa 12.8 kwa petroli 1 mguu ukiwa chini, huku cheche ikiwahi mno na pistoni ikiliwa. MegaSquirt ya mwanzo iliamuru mafuta tu, cheche ikabaki kwa distribyuta. Kama kontrola yako inaamuru cheche pia, kwanza kabisa ifunge cheche isibadilike, kwenye digrii 10 ndani ya programu, kisha mulika puli kwa taa ya taiming. Alama ikionyesha 14, rekebisha namba ya sensa ya kranki kwenye programu mpaka vilingane, ndipo uguse jedwali lolote.

Kwa hiyo mtu akisema kontrola yake inajifunza, hajakosea sana. Aongeze tu neno moja: inajifunza mafuta. Digrii za cheche ataziweka mwenyewe, au fundi wake.