Filamu ya vita na zizi tupu la Ugogo

Mwanafunzi wangu mmoja alitoka kwenye kibanda umiza kule Chang'ombe akiwa kimya kabisa. Walikuwa wameonyeshwa filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1998, ile ya kumtafuta askari Ryan. "Mwalimu," akaniambia, "leo ndiyo nimejua vita ni nini."

Namwelewa. Wamarekani wanaposhuka ufukweni Normandy, tarehe 6 Juni 1944, tunakaa nao zaidi ya dakika 20: maji yanageuka mekundu, askari anauokota mkono wake mwenyewe. Naiheshimu sana filamu hiyo.

Ila mimi nafundisha historia ya Ugogo, na katika kila filamu ya vita huwa namtafuta mtu asiye na bunduki. Ni nadra kumwona.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma, katikati ya Ugogo, Julai 1916. Wajerumani walikuwa wameshachukua ng'ombe na nafaka. Hawa wapya nao wakachukua, na wanaume kwa maelfu wakapelekwa upagazi. Sasa fikiria maana yake kwa Mgogo. Ng'ombe ndio akiba yake. Mvua ikigoma, uwele ukakauka shambani, anaswaga ng'ombe akabadilishe na chakula kwa wenye nacho. Zizi likishakombwa, na mwenye nguvu za kulima yuko porini na mzigo wa jeshi kichwani, mwaka mmoja wa ukame unatosha kumaliza ukoo. Mvua zikagoma kweli. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Maofisa wa Kiingereza walikadiria kuwa watu 30,000 walikufa kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma. Mmoja katika kila watano! Na njaa hiyo ilikuwa bado inaua mwaka 1919, ilhali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishasalimisha silaha tangu Novemba 1918.

Kijana aliponiuliza filamu ya vita hivyo ingeanzia wapi, sikusita. Ianzie zizini alfajiri, mama amesimama mlangoni, askari wanatoa ng'ombe mmoja mmoja na mumewe anafungwa mzigo. Wakishaondoka, kamera isiwafuate. Ibaki na mama huyo mpaka msimu wa kulima ufike, jembe likiwa bado limeegemea ukuta wa tembe.