Mbao zimekauka, meza imepasuka: kwa nini?

Ufa ulianza kama unywele. Ulitokea upande wa dirishani, ukafuata nyuzi za mbao kwa unyoofu ambao mimi na rula yangu hatujawahi kuufikia, na kufikia mwisho wa Februari sarafu ya shilingi tano ilikuwa inapita ndani yake bila kugusa kuta. Meza ilikuwa ya dada yangu, Nakuru. Mchoro ulikuwa wangu, wa kwanza maishani, kwa penseli, kwenye daftari la hesabu. Mbao zilinunuliwa Kisumu na kazi ikafanyiwa soko la Kibuye mjini humo, pale mafundi wanapopanga vitanda na makabati wazi wazi kandokando ya njia.

Nilimpigia fundi simu nikiwa na hukumu mkononi.

"Fundi, mbao zilikuwa mbichi."

"Bosi, zile mbao zilikaa kwangu mwaka mzima. Zilikuwa kavu." Akanyamaza kidogo. "Lakini zile mbili za chini, za kukingama, ulisema nizipige gundi na skrubu zisitikisike kabisa. Nilikuuliza mara mbili."

Kweli aliniuliza mara mbili.

Basi swali ndilo hili: kama mbao zilikuwa kavu, gundi ilikuwa nzuri na skrubu zilikaza, kitu gani kiliipasua meza? Jibu fupi ni kwamba ziliipasua hizohizo skrubu, na kukaza kwao ndiko kulikuwa kosa.

Imani niliyokuwa nayo, na ambayo naisikia kila mara watu wakinunua samani, ni kwamba kukauka kwa mbao ni kama kuiva kwa embe: likishaiva limeiva, halirudi ubichini. Mfano sahihi nilikuwa nao miaka yote, kwenye magunia. Mkulima wa Trans Nzoia anajua kwamba mahindi ya kuwekwa ghalani hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Anajua pia kwamba akiyaweka magunia moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji wakati wa mvua, mahindi yaleyale yaliyopita kipimo yatanyonya unyevu tena na kuota ukungu. Hakuna anayeshangaa wala kumwita aliyeyauza mwongo. Mbao zina tabia hiyohiyo. Hukauka mpaka zilingane na hewa iliyozizunguka, kisha huifuata hewa hiyo kila inakoelekea, mwaka baada ya mwaka, hata kwenye kiti alichokalia babu yako.

Ulinganifu huo una namba zake. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 65 kwa muda mrefu, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 12 hivi. Hewa ikishuka hadi 50, mbao hushuka hadi karibu 9. Hewa ikipanda hadi 80, nazo hupanda hadi 16 au karibu na hapo. Kwa hiyo hata ukizikausha kwenye tanuri mpaka asilimia 6, ukaziegemeza kwenye ukuta wa nyumba iliyo karibu na ziwa, zitaanza kupanda zenyewe bila kunyeshewa tone.

(Kwa wanaopenda vioja: unyevu wa mbao hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao zikiwa kavu kabisa. Ndiyo maana mti uliokatwa leo waweza kuwa na unyevu unaozidi asilimia 100, na hesabu ikawa sahihi.)

Kuna imani nyingine mbili zinazoshikamana na ile ya embe. Ya kwanza husema kwamba mbao "zinapumua" kwa sababu bado zina uhai. Ni maneno matamu, lakini hata mti ukiwa umesimama shambani, sehemu kubwa ya seli za shina lake zilishakufa. Zimebaki mirija mitupu ya kupitishia maji na kubebea uzito. Kinachoendelea kwenye meza yako ni kile kinachotokea kwa chumvi iliyoachwa wazi jikoni. Imani ya pili husema kwamba vanishi hufunga kila kitu. Vanishi hupunguza mwendo. Mvua ya siku mbili haitaisumbua meza iliyopakwa vizuri. Kiangazi cha miezi miwili kitaipenya tu. Mbaya zaidi ni kupaka juu na kuacha chini, kwa kuwa hakuna anayechungulia huko. Upande mmoja hubadilika haraka kuliko mwingine, na uso wa meza hujikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye sahani.

Sasa tufike kwenye lenyewe: mbao zinapopokea maji au kuyaachia, hubadilika vipi umbo?

Fikiria matatu. Abiria wamekaa bega kwa bega kwenye kiti cha nyuma, kisha makanga anasema "songeni kidogo, mmoja tu." Anaingia wa nne, halafu wa tano. Safu inapanuka mpaka wa mwisho anabanwa mlangoni. Lakini hakuna aliyerefuka. Wakishuka wawili pale mbele, safu inasinyaa tena, na bado hakuna aliyefupika.

Ukuta wa kila seli ya mbao umejengwa kwa nyuzinyuzi ndogo mno, nyingi zikiwa zimelala kufuata urefu wa mti, bega kwa bega kama hao abiria. Maji hujipenyeza katikati yao na kuwasukuma kando. Ndiyo maana ubao hunenepa na kukonda kwa upana, huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Katika aina nyingi za miti, kutoka ubichi hadi ukavu kamili, upana hupungua kwa asilimia kadhaa. Urefu hupungua kwa asilimia 0.1 au 0.2.

Matatu hiyohiyo inaeleza na jambo lililonichanganya muda mrefu: kwa nini gogo huweza kupoteza maji mengi na bado lisisinyae. Seli ni mrija, na ndani ya mrija kuna maji pia. Hayo ni mizigo iliyo kwenye keria. Ukishusha magunia ya juu, gari linakuwa jepesi, lakini waliobanana ndani hawapati nafasi hata ya kukuna goti. Mbao huachia maji ya keria kwanza. Unyevu ukifika asilimia 28 au 30 hivi, keria inakuwa tupu, na kuanzia hapo abiria wenyewe ndio wanaoshuka. Kusinyaa kote kunatokea chini ya kiwango hicho, mahali ambapo kwa macho mbao zinaonekana zimeshakauka.

Halafu kuna kisa cha pete za ukuaji, zile duara unazoziona kwenye kichwa cha gogo. Mbao husinyaa kufuata mzunguko wa pete takriban mara mbili ya zinavyosinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome. Ni kama mtu ambaye mkanda wake unapungua haraka kuliko kitambi: lazima kitu kikatike. Gogo zima likiachwa juani hupata ufa unaokimbilia kiini. Na ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo, ambao ndio unaojaa kwenye yadi zetu kwa kuwa haupotezi mti, hujikunja kwa namna inayotabirika. Tazama kichwa chake. Zile pinde za pete zitajaribu kunyooka, na ubao utazifuata. Wataalamu wa mimea hawajamaliza kubishana kwa nini tofauti ni kubwa hivyo. Mishipa midogo inayotoka kiini kwenda nje, inayozuia kusinyaa kama misumari, ni sehemu ya maelezo. Kwa mchoraji wa meza inatosha kujua kwamba tofauti ipo.

Turudi Nakuru na kalamu. Uso wa meza ulikuwa na upana wa sentimita 90, mbao zimeunganishwa ubavu kwa ubavu. Tuseme ni mbao zinazosinyaa asilimia 7 kwa upana kutoka asilimia 28 ya unyevu hadi sifuri. Hiyo ni robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu. Zikishuka kutoka 12 hadi 9, upana unapungua kwa asilimia 0.75, yaani karibu milimita 7. Zile mbao mbili nilizozikingamisha chini, nyuzi zake zilielekea upande ule mwingine. Katika sentimita 90 hizohizo, zenyewe zilitaka kupungua kwa unene wa karatasi moja au mbili.

Huku milimita 7, kule karatasi mbili, na katikati gundi na skrubu kumi na mbili. Ni safu ya abiria ambao kila mmoja amefungwa mkono kwenye chuma cha kiti. Wenzao wameshuka, wote wanataka kusogeleana, hakuna anayeweza. Kitu lazima kiachie, na mbao huachia pale ambapo kila mpasua kuni anajua zinaachia: kati ya uzi na uzi. Gundi haikubanduka hata kidogo. Nilipoukagua ufa kwa tochi, ulikuwa umepita katikati ya ubao, sentimita mbili kutoka kwenye kiungo.

Sitasema hewa ya Nakuru ndiyo iliyofanya yote. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Kisumu karibu mita 1,130, Januari na Februari huwa kavu, na sebule ya dada ina mabati yasiyo na dari, joto la mchana linashuka lote mezani. Lakini huenda mbao zilitoka Kibuye na unyevu wa asilimia 14 au 15, maana neno "mwaka mzima" halipimi kitu. Kilichorundikwa bila vijiti vya kuachanisha hukauka nje tu. Sikupima. Kupima si kazi: kata kipande, kipime kwa mizani ya jikoni, kikaushe kwenye ovena kwa nyuzi joto 103 mpaka uzito uache kushuka, kisha gawanya uzito uliopotea kwa uzito uliobaki.

Dawa ya skrubu zangu ilikuwa ndogo kuliko kosa. Tundu la kwenye mbao ya kukingama halipaswi kuwa duara. Liwe refu, kama tundu la kifungo cha shati, likielekea kwenye upana wa meza. Skrubu ya katikati ikazwe kwenye tundu la kawaida, ili meza isinyae kutoka pande zote mbili kuelekea hapo. Zilizobaki zipewe washa, ile pete bapa ya chuma ya chini ya kichwa cha skrubu, na nafasi ya kuteleza. Gundi isipakwe kabisa. Meza haitikisiki, kwa sababu skrubu bado zinavuta kwenda chini. Zimeruhusiwa tu kutembea kando.

Na hapa ndipo nilipogundua kwamba jibu lilikuwa kwenye mlango wa chumba nilicholelewa. Mlango wa paneli, ule wenye fremu na vibao vilivyozama katikati, niliuchukulia kuwa ni urembo. Mafundi wa Ulaya waliueneza karne ya 15 na 16 kwa sababu hiihii ya kusinyaa. Kibao cha katikati hakijabandikwa. Kimeingizwa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya fremu na kuachwa kielee, kinenepe na kukonda peke yake, huku fremu ikibaki na kipimo kilekile cha kuingia mlangoni. Kama mlango wenu ulipakwa rangi wakati wa mvua, utazame kiangazi. Pembeni mwa kila paneli utaona mstari mwembamba wa mbao tupu, ambao brashi haikuufikia. Sehemu hiyo ilikuwa imejificha ndani ya mfereji siku ya kupaka.

Shambani kisa hiki kina upande wake mbaya. Jembe likilegea kwenye mpini, tunalilaza kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi limekaza. Linakaza kweli. Lakini mpini unaponenepa ndani ya pete ya chuma isiyotoa nafasi, nyuzi zake hupondana. Ukikauka, hurudi ukiwa mwembamba kuliko ulivyokuwa jana yake, na wiki inayofuata jembe linalegea zaidi. Kabari ndogo kichwani ingemaliza kazi. Bibi yangu aliloweka lake miaka yote, na sijawahi kupata ujasiri wa kumweleza.

Meza nimeirekebisha. Nilifungua skrubu, nikabandua zile mbao za chini kwa patasi na maneno yasiyoandikika, nikachonga matundu marefu. Ufa niliuacha. Dada alitaka niujaze kwa gundi na unga wa mbao. Nikamwomba asubiri mwaka mmoja. Februari shilingi tano bado inapita. Mei, mvua zikiwa zimekolea, niliweka karatasi ya risiti juu ya ufa nikaisukuma kwa ukucha, ikagoma kuingia.