Jina la kigeni linavyoandikwa kwa herufi za Kichina

Tanzania kwa Kichina ni herufi nne: 坦桑尼亚, husomwa Tǎnsāngníyà. Ukiomba utafsiriwe moja moja utaambiwa ya kwanza ni tambarare, ya pili ni mti wa mforosadi, ya tatu ni mtawa wa kike wa Kibudha, na ya nne ni "wa pili". Usihangaike kutafuta ujumbe humo, haupo. Herufi hizo zimeazimwa sauti tu.

Utaratibu huu huitwa yīnyì, yaani kuhamisha sauti. Kichina hakina alfabeti. Kila herufi ni silabi nzima, na karibu kila moja ina maana yake. Tena silabi zenyewe ni chache, kama 400 hivi usipohesabu toni, na haziishii kwa konsonanti ila n, ng na r. Basi konsonanti iliyobaki peke yake hupewa herufi nzima. Dar es Salaam ni 达累斯萨拉姆, Dálèisīsàlāmǔ: s ya "es" imekuwa sī, na m ya mwisho imekuwa mǔ. Sisi wa benki na basi hatuna la kushangaa hapo, maana nasi neno geni hatulipokei mpaka tulifunge kwa irabu.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Sauti moja huwa na herufi nyingi, na mwandishi hukwepa zenye maana mbaya au ya kuchekesha. Jina la kike hupewa herufi za kike: Anna ni 安娜, na hiyo ya pili ina alama ya mwanamke ubavuni. Nchi kubwa zilipata bahati ya herufi nzuri: Marekani ni Měiguó, "nchi nzuri", na Ujerumani ni Déguó, "nchi ya maadili". Wachache walitafsiriwa maana badala ya sauti, kama Iceland, iliyoitwa Bīngdǎo, kisiwa cha barafu. Majina ya Wajapani yana njia yake: yameshaandikwa kwa herufi hizo, kwa hiyo Mchina huyasoma kwa matamshi yake, na Tokyo inakuwa Dōngjīng.

Ili kila gazeti lisijiandikie lake, China bara hufuata orodha za shirika la habari la Xinhua. Taiwan ina desturi zake, ndiyo maana huko Tanzania ni 坦尚尼亞, Kenya ni herufi mbili tu, 肯亞, na Trump, ambaye Beijing ni Tèlǎngpǔ, huitwa Chuānpǔ. Zamani hapakuwa na orodha. Karani aliandika alivyosikia. Malindi ya leo ni 马林迪, Mǎlíndí, inayoanza na herufi ya farasi, lakini kumbukumbu za enzi ya Ming, zinazotaja twiga aliyefikishwa kwa mfalme mwaka 1415, zinaandika 麻林, Málín.

Kwa majina ya watu huwekwa nukta katikati ili msomaji ajue jina la kwanza linaishia wapi: Julius Nyerere ni 朱利叶斯·尼雷尔. Katika habari hubaki Níléi'ěr peke yake, na herufi ya katikati ni ya radi. Mchina anayesoma habari haioni radi hiyo, kama ambavyo sisi hatuoni tunda tukisikia mtu anaitwa Tunda.

Kinachonivutia zaidi ni herufi kuzoea kazi yake mpya. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, Wachina huiita 坦赞铁路, Tǎn-Zàn tiělù. Ile "tambarare" sasa inasimama kwa Tanzania nzima, na Zambia imeangukiwa na 赞, herufi ya kusifu. Kenya nayo hufupishwa kuwa 肯. Ukikuta 中肯 kwenye kichwa cha habari, soma sentensi nzima kwanza: huenda ni China na Kenya, na huenda ni neno la kawaida la Kichina, lenye herufi zilezile, linalomaanisha usemi uliogusa penyewe.