Lupasi si kinga iliyoshuka

Juma hili nimeyasikia tena. Mama ametoka Faza na mashua ya alfajiri, amemleta kwangu hospitalini bintiye wa miaka 19 mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe: uso umefura, na mguu ukiubonyeza kidole shimo linabaki. "Mwanangu, huyu kinga imemshuka. Vidonge tumevisimamisha kwanza, tunampa mlonge na habasoda imrudi." Mkojo wake ulikuwa umejaa protini, dalili kwamba figo zinaumia.

Dhana: Mwenye lupasi ana kinga dhaifu, apandishiwe.

Hapana, na kosa hili linaua figo. Usiku mtu akipiga ukelele wa "Mwizi!" pale Mkomani, sauti hupokezanwa kichochoro hadi kichochoro, na kabla hujavaa kandambili vijana wote wako nje. Lupasi ni ukelele huo, ila anayepigwa ni mwenye nyumba. Sasa mnataka kuongeza vijana?

Seli B, chembe ya kinga, haitoi kingamwili (protini za kushika adui) kwa kukurupuka. Hushika kitu kwa kipokezi chake, kisha husubiri seli T saidizi, chembe nyingine ya kinga, iikubalie kupitia CD40, kipokezi kilicho juu ya seli B, na saitokini, yaani protini za kupeana habari, hasa IL-21. Halafu kuna BAFF, ishara inayoiweka seli B hai. Kwa mtu mzima wa afya, seli B nyingi zinazoshika DNA ya mwili wenyewe hunyamazishwa au hufa. Kwa mwenye lupasi, mabaki ya seli zilizokufa hayazolewi upesi. DNA na RNA zilizomo huamsha vipokezi vya TLR7 na TLR9, walinzi wa ndani ya seli, na intaferoni alfa, saitokini ya kupiga kengele, humwagika, nayo hupandisha BAFF. Seli iliyostahili kufa huishi, ikageuka seli ya plazma, yaani kiwanda cha kingamwili, na moja tu ya hizo hutoa maelfu ya kingamwili kila sekunde. Kingamwili zikishikamana na DNA hukwama kwenye figo, na mashikamano hayohayo huchochea intaferoni zaidi. Ukelele unajilisha.

Kilichopungua hapo ni kipi? Belimumabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa lupasi, kazi yake ni kuikamata BAFF. Inasaidia kwa sababu inapunguza ishara.

Najua dhana inakotoka. Wagonjwa hawa kweli hushikwa na maambukizi upesi, kwa kuwa steroidi, dawa za kutuliza kinga, hupunguza ulinzi, na protini za komplimenti, zinazosaidia kuua vijidudu, huishia vitani. Dawa ya hilo ni chanjo zinazowafaa, na kuja hospitali siku homa inapoanza. Mlonge kwenye mchuzi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni vidonge kuachwa. Steroidi iliyotumiwa kwa muda mrefu ikikatwa ghafla, tezi za adrenali, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zilikuwa zimelala na haziamki siku hiyo, na mtu anaweza kufa.

Dhana: Haidroksiklorokwini ni ya malaria, nami sina malaria.

Ni dawa ileile inayotuliza TLR7 na TLR9. Karibu kila mwenye lupasi anaihitaji, hata mjamzito. Kipimo kisizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Macho yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5.

Dhana: ANA (kipimo cha damu cha kingamwili zinazoshika viini vya seli) ikitoka chanya, ni lupasi.

La. Watu wengi wasio na ugonjwa wowote wanayo.

Dhana: Lupasi inaambukiza.

Kuleni naye sinia moja.

Dhana: Jua la pwani tumelizoea, halitudhuru.

Hili nalisema kwa kila mgonjwa hata wakinichoka. Mionzi ya jua huua seli za ngozi, na mabaki yake ndiyo yanayouchochea ukelele ule. Upepo wa kusi hukupoza ukadhani huungui. Buibui linasaidia, lakini uso na viganja hubaki wazi. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, kaeni kivulini. Yule binti kazi yake ni kuanika samaki ufuoni. Vidonge amerudishiwa, na mama nimemwomba amwachie kazi ya kusuka ukili barazani.