Kabla ya rangi: ninavyoandaa bodi ya gitaa la umeme

Miaka michache iliyopita nilimkabidhi kijana mmoja anayepiga kanisani, huku Eastlands, Nairobi, gitaa jeusi lililong'aa hadi unajiona uso. Wiki ya sita akarudi nalo. "Fundi, hebu litazame hapa," akasema, akaliinamisha karibu na mlango ili mwanga ulipige kwa ubavu. Bodi nzima ilikuwa imejaa vijistari vifupi, vyembamba, vyote vikielekea upande mmoja, kama manyunyu ya mvua yaliyochorwa kwa sindano. Rangi haikuwa imepasuka wala kubanduka. Ilikuwa imezama.

Mbao ni fungu la mirija iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Ukiipasua kwa urefu, mirija hiyo hubaki wazi juu ya uso kama mifereji midogo, na hiyo ndiyo tunayoita vinyweleo. Rangi niliyotumia, ya nitroselulosi, hukauka kwa thina kuruka hewani, na thina haiishi siku moja. Huendelea kutoka kwa wiki nyingi hata baada ya rangi kuwa ngumu kwa kidole. Kadiri inavyotoka rangi inasinyaa, na inasinyaa zaidi pale ilipo nene zaidi, yaani juu ya mfereji. Siku ya kukabidhi gitaa uso ulikuwa sawa kabisa. Wiki ya sita mifereji ilikuwa imejitokeza tena.

Nilikwangua rangi yote nikaanza upya, bila kumtoza shilingi. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimefuata maelekezo ya video za Marekani hatua kwa hatua: piga msasa, piga sila (tabaka la kufunga mbao kabla ya rangi), piga rangi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba maelekezo yale yalikuwa ya mbao nyingine. Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, mwanzoni walitumia hasa mbao ya ashi, ambayo ina vinyweleo vikubwa, kisha takriban mwaka 1956 wakahamia kwa alda katika magitaa yao mengi. Vinyweleo vya alda ni vidogo mno. Sila peke yake inatosha kuvifunga. Ukiona mtu anaruka hatua ya kujaza vinyweleo na gitaa lake linatoka safi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ana alda mezani.

Sisi hatuna alda. Ninayonunua soko la Gikomba ni mkangazi, ule mafundi wanauita mahogani, unaoletwa kutoka Uganda na Kongo, na mara mojamoja mvule. Zote mbili zina vinyweleo wazi unavyoviona bila miwani. Ukitafuta mwalimu wa kigeni, heri uwatazame Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, maana gitaa lao la Les Paul la mwaka 1952 lilitengenezwa kwa mahogani, likapachikwa kipande cha mbao ya mepo juu, na kiwandani mahogani hujazwa vinyweleo kabla ya rangi.

Lakini kabla ya vinyweleo kuna maji. Mbao ikiwa mbichi, kazi yote inayofuata ni bure. Wauzaji wengi watakuapia kwamba imekauka, na huenda imekauka kwa kazi ya paa, lakini si kwa gitaa. Mimi nataka unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Kama huna kipimo, tumia mizani ya jikoni. Katakata mbao iwe karibu na umbo, iandike uzito kwa penseli pamoja na tarehe, iegemeze mahali penye hewa pasipopigwa na jua, na uipime kila Jumamosi. Uzito ukigoma kushuka wiki nne mfululizo, anza kazi. Mbao niliyoinunua wakati wa mvua ndefu siigusi kabla ya Agosti.

Msasa sasa. Neno lenyewe ni la mti: msasa una majani yanayokwaruza, na maseremala wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi kufika. Naanza na namba 80 kuondoa alama za rauta, mashine ya kuchonga umbo, kisha 120, 150, 180, na nakomea 220. Usiruke namba. Kila karatasi ina kazi moja tu, kufuta mikwaruzo ya iliyoitangulia, na 220 haiwezi kufuta mikwaruzo ya 80 hata ukisugua hadi usiku. Nachora mistari ya penseli kukingama bodi nzima, nasugua hadi penseli iishe, nachora tena, nabadilisha karatasi. Kwenye uso bapa karatasi inazungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka. Vidole vitupu huchimba mabonde ambayo huyaoni leo, ila rangi nyeusi itamwonyesha kila mtu.

Zima taa ya juu, washa tochi ya simu, ilaze karibu na uso wa bodi. Mwanga wa kulala hauachi kitu. Mimi hufanya hivi hata mchana, nikiwa nimefunga mlango.

Pale mbao ilipokatwa kukingama, kwenye ncha za pembe na upande wa chini wa bodi, mirija inakutazama usoni kama mabua yaliyokatwa. Hapo panafyonza kila kitu. Napasugua hadi 320 wakati kwingine nimeishia 220, na sila ya kwanza napapaka mara mbili. Ukisahau, utapata gitaa linalong'aa mbele na lililofifia kwenye kingo.

Bonde dogo la kugongwa lisikutie haraka ya kuchukua fila ya kujazia. Kama nyuzinyuzi za mbao zimelala tu na hazijakatika, weka tone la maji, ngoja dakika chache, weka kitambaa cha pamba kilicholowa, kisha gusa kwa ncha ya pasi iliyopata moto. Mvuke unaingia, nyuzinyuzi zinavimba, bonde linainuka machoni pako. Nimefanya hivi mara nyingi na bado hunifurahisha. Acha pakauke hadi kesho ndipo usugue. Baada ya hapo mimi hupangusa bodi nzima kwa kitambaa chenye maji kidogo ili nyuzinyuzi zilizolazwa na msasa zisimame, na zikikauka nazikata kwa 220 iliyochakaa.

Mvule una tabia zake. Una mafuta ya asili yanayoweza kuzuia baadhi ya rangi kukauka, na ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa vinavyovunja makali ya randa. Nauosha kwa thina safi, naupaka shelaki, aina ya vanishi, nyembamba, iliyoyeyushwa kwa spiriti ili kufungia mafuta ndani, na hapo tu ndipo naendelea. Vumbi lake huwasha macho na kifua, kwa hiyo vaa barakoa ya kweli, si leso.

Sasa vinyweleo vyenyewe. Jirani yangu ni mpaka rangi wa magari, mzee mwenye mkono mzuri kuliko wangu kwa bunduki ya kupulizia. Alinishauri nipake fila ya magari bodi nzima. "Hiyo itajaza kila kitu, kijana wangu." Nikamwambia, "Mzee, bati halivimbi mvua ikinyesha." Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kila msimu, na tabaka nene la fila gumu juu yake huanza kuachia kwenye kingo. Fila ya magari naiweka kwenye tundu la skrubu lililokosewa, basi.

Ninachotumia ni epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, ile inayochukua muda kuganda, si ya dakika tano. Sababu ni moja: haina thina ya kuruka, kwa hiyo haisinyai kama rangi. Kinachoingia kwenye kinyweleo ndicho kinachobaki. Nachanganya kidogo, kiasi cha vijiko viwili, kwa kipimo sawasawa na maelekezo ya chupa. Namwaga katikati ya bodi, nashika kadi ya benki iliyokwisha muda, naiinamisha kiasi, na kuivuta kukingama mistari ya mbao kwa mshazari. Ukivuta kufuata mistari, kadi inaingia kwenye mfereji na kuchota ulichoweka. Ukivuta kukingama, inasukumia ndani. Mkono uwe mzito: lengo ni epoksi ibaki ndani ya mifereji na juu ya uso pasibaki kitu. Utaona vipovu vidogo vikipanda. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya mirija. Pita tena dakika kumi baadaye.

Naiacha siku mbili, na Julai, usiku wetu ukiwa na baridi, siku nne. Epoksi nyingine huacha utelezi juu zikiganda. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikaushe, ndipo usugue kwa 180 mpaka uone mbao tena. Ikiwa inaganda kwenye karatasi kama ulimbo badala ya kutoa unga, haijaiva, ngoja. Kisha tochi. Mkangazi haujawahi kunitosha kwa mara moja; mara ya pili ndiyo huziba.

Sila inafuata, tabaka tatu nyembamba, na baada ya siku mbili tatu naisugua kwa 320. Unga ukiwa mweupe na mkavu, iko tayari. Ukifika kwenye mbao tupu kingoni, usijidanganye kwamba rangi itafunika. Paka tena hapo. Aprili na Novemba sipulizi asubuhi yenye manyunyu, kwa sababu unyevu wa hewa unanaswa ndani ya sila na kuigeuza nyeupe kama maziwa. Nangoja saa nane mchana, au kesho yake.

Mambo mawili ya mwisho. Polishi ya dashibodi na ya fanicha ina silikoni, na chembe yake moja juu ya bodi hufanya rangi ikimbie na kuacha viduara kama macho ya samaki. Nikiwa karibu na gereji, naifunika bodi kwa karatasi safi, na siigusi kwa mikono mitupu baada ya kuipangusa. Pili, mfuko wa shingo, yaani shimo la bodi ambamo shingo ya gitaa hukaa, hauingii epoksi, sila wala rangi. Kina chake ni milimita 16 hivi, na tabaka la rangi humo huinua shingo na kuharibu kimo cha nyuzi kilichokwisha kupimwa. Naziba mfuko kwa utepe, kisha nafunga humo kijiti kirefu cha mbao kwa skrubu mbili, kwenye matundu yaleyale ya shingo. Kijiti hicho ndicho mpini wa kushikia wakati wa kupuliza, na ndicho ninachoning'iniza nacho bodi kwenye waya, mbali na mlango, usiku ule wa kwanza wa rangi.